Kuandamana pekee hakuharibu cheti cha tabia njema

La, ami, hayo ya kwamba kijana akiandamana chuoni basi kazi ya serikali aisahau si kweli. Kuandamana kwa amani bila silaha ni haki, Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya ya 2010. Na polisi hupewa taarifa, haombwi mtu ruhusa: Sheria ya Utulivu wa Umma yasema kati ya siku 3 na 14 kabla.

Kinachomfuata mtu ni hukumu ya korti. Mimi ni karani kwa wakili hapa Kizingo, Mombasa, na mtego nauona palepale kizimbani: vijana wanashikwa, wanalala seli, asubuhi mtu anawanong'oneza "kirini tu, mlipe faini mrudi bwenini." Wanakiri kosa la kuharibu mali. Faini inachangwa na wenzao kwa M-Pesa, yameisha. Halafu siku anaomba kazi, alama za vidole zinapita DCI, idara ya upelelezi inayotoa cheti cha tabia njema, na lile kosa linatokeza. Mwambieni kijana asikiri asilotenda, aombe dhamana.

Chuo nacho hakiwezi kumfukuza kwa barua ya ghafla tu. Kifungu cha 47 cha Katiba chataka asikizwe na apewe sababu kwa maandishi. Asipopewa, Mahakama Kuu ipo.

Aliyerusha jiwe alipie kioo, hilo silitetei. Lakini aliyebeba bango kulalamikia karo, ati afungiwe riziki hadi uzeeni? Hapana bwana.