Damu imepimwa, majibu ni "kawaida", mbona wapiga dawa bado wanaumwa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni msimamizi wa wapiga dawa kwenye shamba la maua ya waridi huku Usa River. Mwezi uliopita vijana wangu walipimwa damu, kile kipimo cha kolinesterasi, na majibu ya wote yakarudi yameandikwa "kawaida". Lakini watatu kati yao wanalalamika kichwa kuuma, macho kuwasha, na uso kuwachomachoma kama ganzi jioni baada ya kazi. Uongozi unasema vipimo ni vizuri, suala limeisha, na kila mpiga dawa aendelee kupewa maziwa. Je, kipimo hiki kinaweza kukosea? Na maziwa yanaondoa sumu kweli?

JIBU: Marahaba. Umefanya vizuri kutowapuuza vijana wako. Inawezekana kabisa maabara imefanya kazi yake sawasawa na vijana nao wanasema kweli, kwa sababu kipimo hicho kinaona sehemu ndogo tu ya yale wanayokutana nayo kazini.

Kolinesterasi ni kimeng'enya kinachofanya kazi pale neva inapokutana na msuli. Neva ikishatuma taarifa yake, kimeng'enya hiki huivunja kemikali iliyoibeba ili msuli utulie. Kuna makundi mawili ya viuatilifu yanayokizuia: oganofosfeti, kama klopirifosi na profenofosi, na kabameti, kama methomili. Kipimo kilibuniwa kwa ajili ya makundi hayo mawili. Sasa fungua daftari lako la upuliziaji uone miezi hii mmetumia nini. Kwenye waridi natarajia utakuta abamektini ya utitiri, pairethroidi za wadudu, mankozebu ya kuvu, na salfa ya ubwiri unga. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoshusha kolinesterasi. Mtu anaweza kuumizwa na zote nne na karatasi ya maabara ikaendelea kusema "kawaida".

Uso kuchomachoma saa chache baada ya kazi ni dalili inayojulikana sana ya pairethroidi zilizogusa ngozi. Huzidi mtu akitoka jasho au akinawa maji ya moto, na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja. Macho kuwasha yana njia nyingi. Ningeuliza kwanza kama mnachoma salfa usiku, na kama banda la maua linafunguliwa lipate hewa kabla watu hawajaingia asubuhi, maana gesi ya salfa hukera macho na mapafu. Kichwa ndicho kigumu zaidi kukifuatilia: joto la ndani ya banda peke yake linatosha kukileta, na oganofosfeti kidogo pia. Ndiyo maana nakuomba uandike saa. Nani, alipiga dawa gani, saa ngapi, dalili ilianza saa ngapi. Daftari la aina hiyo likijazwa kwa wiki chache litakueleza mengi kuliko damu iliyochukuliwa mara moja.

Tuseme basi kwamba mnatumia pia oganofosfeti. Hata hapo neno "kawaida" halitoshi, na hili ndilo ningependa uongozi wenu ulielewe vizuri. Watu wenye afya njema hutofautiana sana kwa kiasi cha kolinesterasi walichozaliwa nacho. Chukua mfano wa maabara inayohesabu 5,000 hadi 12,000 kuwa kawaida. Kijana ambaye kabla ya kushika bomba alikuwa na 11,000 akishuka hadi 6,600, amepoteza asilimia 40 ya kimeng'enya chake. Karatasi itaandikwa "kawaida". Mwenzake aliyezaliwa na 6,600 naye ataandikiwa hivyohivyo, na yeye hajapoteza chochote. Bila kipimo cha mwanzo cha mtu yuleyule, hakuna daktari anayeweza kuwatenganisha hao wawili.

Jimbo la California nchini Marekani limelazimisha upimaji huu kwa wachanganyaji na wapiga dawa tangu 1974, na utaratibu wake ni mzuri kuiga. Kipimo cha mwanzo huchukuliwa mtu akiwa amekaa siku 30 bila kugusa dawa za makundi hayo mawili, ikiwezekana kwa sampuli mbili zinazopishana siku chache, kwenye maabara ileile na kwa njia ileile. Baada ya hapo kila jibu hulinganishwa na la mwanzo la mtu huyo. Likishuka chini ya asilimia 80, shamba linakagua namna kazi inavyofanyika. Kolinesterasi ya seli nyekundu za damu ikifika asilimia 70 au chini yake, au ile ya majimaji ya damu ikifika asilimia 60 au chini, mfanyakazi anaondolewa kwenye dawa hizo mpaka arudi asilimia 80.

Waulize maabara walipima ipi kati ya hizo mbili. Ile ya majimaji hushuka haraka na kupanda haraka, na inaweza kuwa chini kwa sababu nyingine kama ugonjwa wa ini, lishe duni au ujauzito. Ile ya seli nyekundu huakisi neva vizuri zaidi na hurudi polepole, takriban asilimia 1 kwa siku, kwa kuwa mwili unasubiri seli mpya na seli moja huishi kama siku 120. Uliza pia damu ilichukuliwa lini. Kabameti hukiachia kimeng'enya ndani ya saa chache, kwa hiyo aliyepiga methomili Ijumaa akapimwa Jumatatu anaweza kuonekana hana kitu.

Malalamiko ya vijana wako si mageni kanda hii. Ngowi na wenzake walichapisha mwaka 2007 utafiti kuhusu wakulima wadogo wa mboga Kaskazini mwa Tanzania. Asilimia 68 ya wakulima walisema wamewahi kujisikia wagonjwa baada ya kupiga dawa, wakitaja matatizo ya ngozi, kichwa na kizunguzungu. Kati ya dawa walizotumia, asilimia 29 zilikuwa za kuua kuvu, na karibu theluthi moja ya wakulima walikuwa wakichanganya dawa kwenye bomba moja. Mimi naichukua dalili iliyoandikwa vizuri kuwa ushahidi kamili. Haipaswi kusubiri ruhusa ya maabara.

Kuhusu maziwa: hapana. Maziwa ni chakula kizuri na sioni sababu ya kuwanyima, lakini hayaondoi kiuatilifu mwilini na hayazuii kisiingie. Kinachonisumbua ni kwamba mtu akishakunywa anaamini amejikinga, halafu anakaa na ovaroli mbichi mpaka jioni. Sumu nyingi kwa mpiga dawa hupitia ngozi. Majaribio ya miaka ya nyuma kwa kutumia parathioni, mojawapo ya oganofosfeti, yalionyesha kwamba ngozi ya sehemu za siri za mwanaume hunyonya mara nyingi zaidi kuliko ya mkono, kwa hiyo bomba linalovuja mgongoni na kulowesha suruali ni dharura, na kazi isimamishwe hapohapo. Fedha ya maziwa ingenunua sabuni, ovaroli ya pili kwa kila mtu, na glavu za mpira zisizo na kitambaa kwa ndani. Ovaroli zifuliwe shambani. Zikienda nyumbani zinafuliwa beseni moja na nguo za watoto.

Ukimwona mtu mboni zake zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, anatoka mate na jasho jingi, misuli inarukaruka au anahema kwa shida, msisubiri kipimo chochote. Mtoeni eneo hilo, mvueni nguo, mwosheni kwa maji mengi na sabuni huku anayemsaidia amevaa glavu, mkimbizeni hospitali, na bebeni lebo ya dawa. Atropini, dawa ya kutibu sumu hiyo, ipo, lakini daktari anahitaji kujua anapambana na nini.

Kwa uongozi, peleka mambo mawili. La kwanza, majibu yenye tarakimu, jina la kipimo na tarehe, badala ya neno "kawaida". Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri kuwapima wafanyakazi afya, na upimaji usioweza kulinganishwa na wa mwanzo unamsaidia mfanyakazi kidogo sana. La pili, orodha ya waliopimwa. Umeniandikia kuhusu wapiga dawa tu. Akina mama wanaokata maua asubuhi hushika majani yaleyale kwa mikono saa nyingi, mara nyingi bila ovaroli wala glavu ndefu, na hakuna aliyewauliza kama vichwa vinawauma. Angalia lebo inasema watu wakae nje ya banda kwa muda gani baada ya kupuliza, bandika muda huo mlangoni, na uwaongeze akina mama hao kwenye daftari lako.