Ijue kwanza namba ndo uigawe: mimi na 4,294,967,297

Juzi usiku dogo mmoja wa form three kanitumia meseji, "kaka nimeigawa 4,294,967,297 kwa namba tasa zote mpaka 300 na haigawanyiki, niandike tu ni tasa?" (Tasa ni ile inayogawanyika kwa 1 na yenyewe tu.) Nikaisoma mara mbili, maana hiyo namba mimi naijua vizuri, ilishaniliza.

Nami nilikuwa form three ticha alipoiandika ubaoni akasema anayeweza alete vigawo vyake. Kalkuleta yangu ilikuwa ya tarakimu 8 na yenyewe ina 10, basi nikaingia kwa mkono, gawanya toa shusha, gawanya toa shusha, siku tatu, daftari likakaribia kuisha. Nilipofika 599 nikachoka. Asubuhi nikasimama mbele ya wenzangu nikasema kwa sauti kabisa kwamba ni namba tasa. Ticha akaandika 641 akanipa chaki. Nikagawa huku darasa zima linanitazama, mwishoni imebaki 108, nashusha 9 inakuwa 1089, natoa 641 inabaki 448, nashusha 7 inakuwa 4487, na 641 mara 7 ni 4487. Sifuri. Yaani zilikuwa zimebaki namba tasa 7 tu niifikie! Walicheka sana, na kicheko kile bado kinaniuma mpaka leo.

Nilipofika chuo ndo nikaelewa kwamba kosa langu halikuwa kuchoka. Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa, miaka ya 1640 naye aliamini ni tasa, kwa sababu wenzake wa ukoo wake (2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kisha jumlisha 1), yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote ni tasa kweli. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha ni 641 × 6,700,417. Na Euler huyohuyo alithibitisha kitu kitamu sana: namba hii ni 2 kwa kipeo cha 32 jumlisha 1, kwa hiyo kigawo chake chochote kilicho tasa lazima kiwe kigawe cha 64 (32 mara mbili) jumlisha 1. Hesabu mwenyewe zilizo tasa: 193, 257, 449, 577, 641. Mara tano tu umefika, wakati mimi nilitaka kugawa mara 116.

Wadogo zangu mnaotaka kuwa wakali wa hesabu, nisikilizeni, acheni kukimbilia kugawa. Iulize namba imetoka wapi. 1,000,001 inatisha? Ni 100 × 100 × 100 jumlisha 1, na jumla ya vipeo vya tatu siku zote inagawanyika kwa jumla ya namba zenyewe, yaani 100 jumlisha 1 (maana 1 ni 1 × 1 × 1), ambayo ni 101, na kigawo cha pili ni 9,901. Hujagusa hata kalkuleta. Bidii ninyi mnayo, hata mimi nilikuwa nayo daftari zima, ila bidii isiyouliza inakupeleka ubaoni ukaaibike. Uliza kwanza, halafu uliza tena.

Dogo nilimjibu kwamba 193 na 257 ameshazipita kwa hiyo amebakiza tatu tu. Haikupita muda akanirushia picha ya daftari, mstari wa mwisho umeandikwa 4487 toa 4487.