Nyimbo nilizozirudia wiki hii
Kwa kuwa umeuliza ni nyimbo gani zilizotupendeza wiki hii, mimi nimeurudia mno "Kasongo" wa Orchestra Super Mazembe, bendi ya Wakongo iliyohamia Nairobi mwaka 1974. Maneno yake ni ya Kilingala, ya mke anayemsihi mumewe arudi nyumbani, nami kila jioni ndani ya matatu ya Rongai nilisubiri pale waimbaji wanaponyamaza na magitaa kuanza kujibizana, moja likishikilia mdundo ule ule huku jingine likipanda juu taratibu. Hapo uchovu wa kazi huniisha kabisa. Nimesikiliza pia "Suzanna" wa Sauti Sol, uliotoka mwaka 2020. Ni mtamu, ila haukunigusa kiasi hicho.