Kwa Wanagenzi Wapya wa Kasualti, Kabla Hamjanipandisha Presha

Ijumaa usiku nilisimama kando ya machela, mikono mfukoni kwa makusudi, nikawatazama wanagenzi watatu wakimzunguka jamaa aliyevunjika mguu. Mfupa uko nje, mayowe yanasikika hadi Pangani, nao wote watatu wameukodolea macho huo mguu kana kwamba ni fainali ya kombe. Kifua hakikuguswa. Pumzi hazikuhesabiwa. Nilijiona mimi wa miaka kumi na moja iliyopita, nikaudhika mara mbili.

Basi sikieni, wadogo zangu.

1. Anayepiga mayowe, A yake inapita. Mtu hawezi kukutukana hivyo njia ya hewa ikiwa imeziba. Damu ikiruka, ibane kwanza ndipo uanze herufi: A njia ya hewa, B pumzi, C mzunguko wa damu. Mguu utasubiri.

2. Kata nguo zote, kisha umgeuze. Mgongo nao ni wa mgonjwa.

3. Presha nzuri isikulaze usingizi. Hapa ndipo nilipoungua.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, mvua inanyesha, matatu na boda boda vimekutana barabara ya Outering, Nairobi. Waliletwa saba kwa pamoja, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni nikigawa rangi za nani atibiwe kwanza: nyekundu wa haraka, kijani wa kusubiri. Mwenye boda aliingia kwa miguu yake, helmeti mkononi, akakaa kwenye benchi, akaniambia nianze na abiria wake. Adabu iliyoje! Presha 112 kwa 84, mapigo 124. Nikaandika "hofu", nikampa kijani kwa sababu anatembea. Kisha nikamkimbilia mama aliyechanika ngozi ya kichwa, damu uso mzima, jamaa zake wanne wakinirekodi kwa simu. Nilimshona nyuzi kumi na nne. Nyuzi safi kweli, nikajipongeza.

Katikati ya kushona, yule wa boda akaniita: "Daktari, naskia kiu." Nikampa chupa yangu ya maji. Mungu anisamehe, nilijiona mtu mwema. Baadaye akaomba tena, nikamwambia, "Ngoja kidogo, kaka." Sista wa zamu alikuwa anapita, akamshika mkono, akaita machela papo hapo. "Daktari, huyu ni baridi kama samaki wa Gikomba." Mapigo 146. Presha ya juu 70, ya chini mashine haikuiona. Ultrasaundi ikaonyesha weusi kati ya ini na figo. Tumbo lilikuwa limejaa damu, wengu umepasuka. Daktari wa nusukaputi, akimwandaa kwa upasuaji, akauliza alikula au kunywa lini mara ya mwisho. Nikanyoosha kidole kwenye chupa. Alichoniambia hakiandikiki.

Mtu mzima wa kilo 70 ana takriban lita 5 za damu. Anaweza kupoteza hadi asilimia 30, yaani lita moja na nusu, na presha ya juu bado ikasomeka vizuri. Moyo unakimbia, mishipa inajikaza, ya chini inapanda, pengo la namba mbili linabanana. Kati ya 112 na 84 ni 28 tu, na niliziandika kwa mkono wangu mwenyewe! Kiu nayo ilikuja kuniambia kwa mdomo, nikaijibu kwa chupa.

Alipona. Wiki ya pili alikuja kutolewa nyuzi, akanitafuta wadi nzima anishukuru kwa yale maji. Mpaka leo nikiona mtu wa boda ametulia kwenye benchi, tumbo hunikoroga.

4. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu: gramu 1 kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu ajali itokee, si tangu afike kwako. Foleni ya Mombasa Road nayo inahesabiwa.

5. Mkanda wa kubana nyonga iliyovunjika hufungwa usawa wa nundu za juu za mifupa ya mapaja, zile zinazotokeza pembeni. Si mshipi wa suruali.

6. Upande mmoja wa kifua haupitishi hewa, presha inaporomoka, nawe unajaza fomu ya eksirei? Toboa kifua, hewa iliyonaswa itoke.

7. Kijani ya saa mbili usiku huenda ni nyekundu saa tatu. Rudi umpime. Sista akisema "Daktari, hebu mwone tena", acha chai, hata kama mandazi ndiyo kwanza yamefika. Msiniambie muda haukutosha, maana ulitosha kuweka picha za eksirei za wagonjwa kwenye status. Nimeziona. Futeni.

Na aliyeondoka na makasi yangu ya kukatia nguo Ijumaa ayarudishe. Yana utepe mwekundu kwenye mpini.