Wachezaji wa vyuo Marekani kulipwa: nimejibu maswali yenu

Wiki iliyopita niligusia tu kwamba vyuo vya Marekani sasa vinawalipa wachezaji wao, basi meseji zikamiminika. Nachukua manne.

Kaka, hawa si wanafunzi? Wanalipwa kwa kazi gani? (Msomaji, Morogoro)

Ni wanafunzi kabisa, ila ni wanafunzi ambao mechi yao moja inajaza uwanja wa watu laki moja na kocha wao anavuta mamilioni ya dola kwa mwaka, wao walikuwa wanaambulia skolashipu, chumba na msosi. Kilichoanza kutoboa ukuta ni gemu ya video. Ed O'Bannon alibeba ubingwa wa kikapu na chuo cha UCLA mwaka 1995, miaka ikapita, siku moja anaambiwa na rafiki yake njoo uone mwanangu anacheza nini, kuangalia kwenye skrini kuna jamaa kipara, anatumia kushoto, jezi namba 31, ni yeye! Jina tu ndo halipo, na senti hajawahi kuiona. Akaenda mahakamani 2009 na kesi zikafuatana. 2021 Mahakama ya Juu ikaigonga NCAA, wale wasimamizi wa michezo ya vyuo, majaji wote 9 kwa sauti moja, na Julai mwaka huohuo wachezaji wakaanza kula hela za matangazo. Halafu Juni 2025 jaji Claudia Wilken akapitisha makubaliano ya kesi ya House, jina la mchezaji aliyeshtaki: chuo chenyewe ruksa kuwagawia wachezaji hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na waliocheza tangu 2016 wanapewa fidia ya bilioni 2.8 kwa miaka 10.

Sasa si matajiri watabeba makombe yote? Itakuwa Simba na Yanga tu kila mwaka. (Msomaji, Mbeya)

Kwani zamani walikuwa hawabebi? Chuo cha Alabama cha kocha Nick Saban kilichukua mataji 6 ya futiboli yao ya Kimarekani kati ya msimu wa 2009 na 2020, na kwenye makaratasi mchezaji halipwi kitu. Hela ilikuwepo siku zote, ilikuwa inaishia kwa makocha na kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya kifahari.

Mimi kinachoniuma ni wadogo. Chuo kidogo cha Saint Francis cha Pennsylvania kilicheza mashindano makubwa ya kikapu Machi 2025, na mwezi huohuo kikatangaza kinashuka mpaka daraja la tatu, huko hata skolashipu za michezo hazitolewi. Na ndani ya chuo kimoja pia kuna wakubwa na wadogo, kwenye ile fidia karibu asilimia 75 ni ya futiboli, 15 kikapu cha wanaume, 5 kikapu cha wanawake, michezo mingine yote inagombania 5 iliyobaki. Sasa Grant House ambaye kesi ina jina lake alikuwa anacheza nini? Kuogelea!

Na shule je? Mtu ana hela mfukoni atafungua daftari kweli? (Mwalimu, Dodoma)

Mwalimu wangu, daftari lilishafungwa kabla ya hela. Chuo cha North Carolina kilikuwa na masomo hewa kwa miaka 18, wanafunzi zaidi ya 3,100 walipitia humo na karibu nusu ni wanamichezo, hakuna kipindi, unaandika karatasi moja unapewa A. Mimi naogopa zaidi kuhamahama, maana siku hizi mchezaji anaweza kuhama kila mwaka bila kukaa benchi alimradi maksi ziko sawa, na masomo uliyofaulu kule hayahesabiwi yote huku. Halafu safari. Chuo cha Stanford kiko California lakini tangu 2024 kinacheza ligi ya pwani ya Atlantiki kwa sababu ya hela za TV, kwa hiyo binti wa voliboli anavuka nchi nzima na ndege katikati ya wiki kwenda mechi na huku ana mtihani.

Kijana wangu anakimbia, kocha wa chuo huko Amerika amemwandikia. Atapata hizi pesa? (Mama, Iten)

Mama, shikamoo. Hizo pesa usizipigie hesabu. Viza ya F-1 ya mwanafunzi inabana sana kazi za nje ya chuo, dili la tangazo linaweza kumletea shida. Zach Edey wa chuo cha Purdue, Mkanada, alikuwa mchezaji bora wa kikapu cha vyuo 2023 na 2024 na bado dili nyingi zilimpita kwa ajili ya viza hiyohiyo. Tena vyuo vilivyoingia kwenye makubaliano vina ukomo wa idadi, mbio za nyika watu 17, riadha 45, kwa hiyo nafasi za kubahatisha zimepungua. Mkenya Henry Rono alivunja rekodi 4 za dunia za mbio ndani ya siku 81 mwaka 1978 akiwa chuo cha Washington State, naye alikuwa wa skolashipu tu.

Muulize kocha kwa maandishi: skolashipu ni nzima au nusu, ya mwaka mmoja au minne, na kijana akiumia goti inakuwaje? Na akifika asisaini chochote, hata picha ya viatu, kabla hajapita ofisi ya wanafunzi wa kigeni.