Kocha anayewika chuoni atafua dafu NFL?

SWALI: Kocha, shikamoo. Mimi ni shabiki wa timu ya futiboli ya Marekani ya chuo cha Ohio State, naishi hapahapa Columbus. Januari 2025 tulichukua ubingwa wa taifa, na aliyekuwa akipanga mashambulizi yetu ni Chip Kelly. Wiki chache baadaye akachukuliwa na Las Vegas Raiders wa NFL, ligi ya kulipwa, na Novemba mwaka huohuo wakamfukuza. Kabla ya hapo alishafukuzwa Philadelphia na San Francisco. Kaka zangu wanasema mtindo wa chuo haufai kabisa kwenye mpira wa kulipwa. Mimi haliniingii akilini: mpira ni uleule, yadi kumi ambazo timu ina majaribio manne ya kuzipata ni zilezile. Tatizo liko wapi?

JIBU: Marahaba. Yadi kumi ni zilezile, lakini uwanja haufanani, na watu wengi hawalijui hilo kwa sababu kwenye televisheni viwanja vyote vinaonekana sawa. Nafundisha mchezo huu kwa vijana wa sekondari, na makwotabeki wangu, yaani wale wanaoongoza mashambulizi na kurusha pasi, hulielewa jambo hili pale tu ninapowasimamisha uwanjani na kuwaambia wahesabu hatua.

Upana wa uwanja ni futi 160, chuoni na NFL. Tofauti iko kwenye ile mistari mifupi ya katikati inayomwonyesha mwamuzi auweke wapi mpira baada ya mchezo, yaani jaribio moja, kuishia pembeni. Chuoni safu mbili za mistari hiyo zimeachana futi 40. NFL zimeachana futi 18 na inchi 6. Piga hesabu: chuoni, mpira ukiwekwa kwenye mstari wa kushoto, upande wa kulia una futi 100 na wa kushoto una 60. NFL, kulia ni futi 89 na kushoto karibu 71. Kwa hiyo chuoni kuna upande mmoja mpana sana, na mlinzi wa nyuma analazimika kuchagua: aende kuulinda ule uwazi, au abaki katikati kuzuia mkimbiaji. Akichagua vibaya, yadi 40 zimekwenda. Kwenye NFL anasimama karibu na katikati na anafika pande zote mbili. Mtindo wa Kelly pale chuo cha Oregon, kati ya 2009 na 2012, ulijengwa juu ya ule uwazi. Alishinda mechi 46 na kupoteza 7.

Sasa tazama mchezo wake mkuu. Kelly humwacha kwa makusudi mlinzi mmoja wa pembeni bila mtu wa kumzuia. Kwotabeki anaushika mpira, anausogeza tumboni kwa mkimbiaji, na macho yake yote yako kwa yule mlinzi. Mlinzi akimfuata mkimbiaji, kwotabeki anauchomoa mpira na kukimbia nao upande wa pili. Mlinzi akibaki nje, mpira unaachiwa mkimbiaji apite katikati, na ushambuliaji umepata mtu mmoja wa ziada wa kuzuia. Chuoni mlinzi huyo mara nyingi ni kijana wa miaka 20 ambaye hatacheza tena baada ya kuhitimu. Akikosea hatua moja, amekwisha. Kwenye NFL ni jitu la kilo 120 lenye kasi ya ajabu: anakosea hatua, anarudi, na bado anamfikia kwotabeki kwa kishindo. Na kwotabeki wa NFL ndiye mchezaji aghali kuliko wote klabuni. Mwenye timu hatakubali aangushwe hivyo mara kumi kila Jumapili.

Kuna na sheria moja ambayo haionekani kirahisi. Kwenye michezo ambayo kwotabeki anaamua ama kumpa mkimbiaji au kurusha pasi fupi, mstari wa mbele wa wazuiaji unasonga kana kwamba mpira unakimbizwa. Chuoni wazuiaji hao wanaruhusiwa kusonga yadi tatu kabla pasi haijarushwa. NFL ni yadi moja tu. Yadi mbili hizo ni kama nusu sekunde ya kufikiri, na kwa kwotabeki nusu sekunde ni kila kitu.

Kuhusu kasi, yaani kucheza mfululizo bila ule mkutano wa duara kabla ya kila mchezo, jambo hili lina pande mbili. Faida yake ni ya kweli: ushambuliaji usipobadilisha wachezaji, walinzi nao hawapati nafasi ya kubadilisha, wanabaki uwanjani wakihema. Mechi ya kwanza ya Kelly na Philadelphia Eagles, Septemba 9, 2013 dhidi ya Washington, walicheza michezo 53 katika nusu ya kwanza. Ni nyingi mno kwa NFL. Robo ya tatu walikuwa wakiongoza 33–7. Mechi ikaisha 33–27.

Namna uongozi ule ulivyoyeyuka mwishoni ndiyo ya kuiangalia. Ushambuliaji wa kasi ukikwama, unakwama kwa kasi vilevile, na walinzi wako wanarudi uwanjani kabla hawajamaliza kunywa maji. Chuo kina wachezaji wengi wa kupokezana. Wakati ule vyuo vikubwa viliruhusiwa kufadhili wachezaji 85. Timu ya NFL ilikuwa na 53, na siku ya mechi 46 tu ndio walioruhusiwa kucheza. Na saa ya chuoni enzi za Oregon ilikuwa ikisimama kila timu ilipopata yadi kumi mpya, kanuni iliyokuja kubanwa mwaka 2023. Kelly alipofika Philadelphia alikuta saa inayokimbia na benchi fupi.

Kasi pia inadai kitabu chembamba cha michezo. Huwezi kukimbia namna ile huku ukibeba michezo 200 yenye majina marefu. Chuoni hilo halina shida: mpinzani ana siku chache za kujiandaa, na wachezaji wake wana madarasa. Kwenye NFL kuna watu wazima ambao kazi yao ya kutwa nzima ni kukusoma, na wapinzani wa divisheni yako, yaani kundi lako dogo la timu ndani ya ligi, unakutana nao mara mbili kila msimu. Wakishajua kwamba mkimbiaji akisimama kulia kwa kwotabeki mpira utaelekea kushoto, kasi yako inawasaidia wao, kwa sababu hukujipa muda wa kuwadanganya.

Hata hivyo kaka zako wakisema “haufai kabisa” wanazidisha. Msimu ule wa 2013 Eagles walishinda mechi 10 na kutwaa divisheni. LeSean McCoy aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,607 za kukimbia. Kwotabeki Nick Foles alirusha pasi 27 za kufunga na kunyang’anywa mbili tu. Msimu wa 2014 walishinda 10 tena. Kilichomwangusha Kelly, kwa maoni yangu, kilikuwa zaidi ofisini kuliko ubaoni. Mapema 2015 alipewa mamlaka ya kuchagua wachezaji, akamuuza McCoy kwenda timu ya Buffalo. Mwaka mmoja nyuma klabu ilikuwa imeshamwachia mpokeaji pasi DeSean Jackson aondoke bure. Kocha wa chuo amezoea kwamba nyota akiondoka, mwakani anaingia mwingine kutoka sekondari, na yeye mwenye jina kubwa ndiye wa kwanza kuchagua. NFL imepangwa kinyume: timu mbovu ndiyo inayochagua kwanza, na mishahara ina kikomo. Ukimtoa McCoy, hakuna foleni ya akina McCoy mlangoni. Eagles walifika 6–9, akafukuzwa kabla ya mechi ya mwisho. San Francisco 2016 ilikuwa 2–14, na pale hakukuwa na wachezaji wa kutosha kwa kocha yeyote.

Lakini mawazo yake hayakufukuzwa naye, na hili nataka ulishike. Februari 2018 Eagles haohao, chini ya kocha Doug Pederson, waliwafunga New England Patriots 41–33 na kutwaa Super Bowl, fainali ya NFL. Kwotabeki alikuwa Foles. Sehemu kubwa ya njia yao ya kufika pale ilipita kwenye ile michezo ya ama kumpa mkimbiaji au kurusha pasi fupi, iliyotoka vyuoni. Aliyedaka pasi ya kufunga iliyowarudisha mbele dakika za mwisho alikuwa Zach Ertz, aliyechaguliwa na klabu mwaka 2013, mwaka wa kwanza wa Kelly. Pederson aliichanganya michezo hiyo ya vyuoni na pasi za kawaida za NFL, akaitumia pale tu ulinzi ulipojipanga vibaya. Kwa Kelly, ilikuwa ndiyo chakula chenyewe.

Ninyi Columbus mlimwona Kelly mwingine. Ohio State ya 2024 haikukimbiza mchezo kama Oregon, ilicheza taratibu. Ila ilikuwa na mpokeaji Jeremiah Smith pembeni, na TreVeyon Henderson na Quinshon Judkins wakipokezana kukimbia. Kwenye fainali dhidi ya Notre Dame, jaribio la tatu, yadi 11 zikihitajika na muda unayoyoma, kwotabeki Will Howard alimrushia Smith pasi ya yadi 56. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri na ninamsifu Kelly kwa hilo, lakini mpokeaji wa namna ile akiachiwa mlinzi mmoja, mchezo unajiandika wenyewe. Las Vegas hakuwa na mstari wa mbele wa kumlinda kwotabeki wake, na kila mlinzi aliyekuwa akimkabili alikuwa nyota wa chuo fulani.

Waliovuka salama wapo. Jim Harbaugh alitoka chuo cha Stanford na kuipa San Francisco ushindi 13 mwaka 2011, lakini alikuwa amecheza ukwotabeki NFL miaka mingi, na mtindo wake wa mstari mzito na mbio za katikati ulikuwa wa NFL tangu akiwa chuoni. Pete Carroll aliifundisha Jets na Patriots, zote za NFL, kabla ya kwenda chuo cha USC, kwa hiyo hakuwa mgeni. Mgeni halisi aliyefaulu ni Jimmy Johnson: alipoteza mechi 15 kati ya 16 akiwa na Dallas mwaka 1989, kisha akatwaa Super Bowl mbili mfululizo. Yeye alihamisha ulinzi wa watu wepesi na wenye kasi kutoka chuo cha Miami, na ulinzi hautegemei sana ule uwazi wa futi 100.

Kwa hiyo mtakapoanza tena kubishana juu ya kocha fulani anayetajwa kwenda NFL, waambie kaka zako waweke kando mechi za pointi 60. Watafute zile ambazo mpinzani alikuwa na mstari wa mbele mkubwa kama wake na muda wa kutosha wa kujiandaa, kisha watazame majaribio ya tatu ya yadi saba na zaidi: ana jibu, au anarudia mchezo uleule kwa kasi? Kwa Kelly mkanda huo upo tangu Januari 2011. Oregon iliyokuwa ikifunga zaidi ya pointi 40 kwa mechi ilikutana na Auburn kwenye fainali, baada ya zaidi ya mwezi mzima wa Auburn kuisoma. LaMichael James, mkimbiaji wake tegemeo, alizuiwa kwa yadi 49, na Oregon ikalala 22–19.