Mfuko wa wanafunzi: tununue hisa au tukopeshe?

SWALI: Dada mshauri, shikamoo. Tuko wanafunzi 14 wa chuo kikuu, tunaendesha mfuko mdogo wa kuwekeza katika biashara za kijamii. Fedha tumepewa na wahitimu waliotutangulia. Sasa tumepata karakana ya majiko banifu; wenzangu wanataka tununue hisa asilimia 10, mimi roho inasita. Niko mwaka wa mwisho. – Mweka hazina

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hisa za biashara changa hazina soko la kuzipeleka siku mkitaka fedha yenu. Zinaweza kulala miaka 7, hata 10. Nyie mtakuwa mmeshavua majoho zamani, na barua ya mkutano wa wanahisa ataisoma mtu ambaye leo yuko shule ya msingi! Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wanafunzi wanaendesha mfuko wa namna hii tangu 2009, lakini nyuma yao kuna chuo na walimu, na walimu hawahitimu. Nyie nyuma yenu yuko nani?

Kama hayupo, kopesheni kwa mgawo wa mauzo. Tuseme mnatoa shilingi 100, karakana inarudisha asilimia 5 ya mauzo ya kila mwezi mpaka itimie 130. Mwezi wa mauzo haba inalipa kidogo, haikabwi koo. Fedha ikirudi, kundi lijalo linakuta kitu cha kukopesha tena.

Ila kuna jambo linaniuma zaidi ya hisa. Nilipokuwa chuoni nilikaa kwenye kamati kama yenu. Mama mmoja mshonaji wa taulo za kike za kufua alituomba mtaji wa cherehani mbili. Tulimtumia fomu ya kurasa 22, tukamwita mara tatu, kisha mitihani ikaingia, ikafuata likizo. Tuliporudi na jibu la "ndiyo", zilikuwa zimepita wiki 11. Alishakopa kwingine kwa riba ya kuumiza. Alitushukuru kwa adabu, na adabu ile bado inanichoma.

Kwa hiyo mpeni mwenye karakana tarehe ya jibu, iwe kabla ya mitihani. Fomu iwe kurasa mbili. Na wewe mweka hazina nenda mwenyewe, fungua daftari la mauzo mwezi kwa mwezi, halafu uliza ni majiko mangapi yamerudishwa udongo wa ndani ukiwa umepasuka.